Simbilisi Aliyewekwa Kwangu na Babu

Bado naikumbuka asubuhi ile Babu aliposhuka kwenye bodaboda akitokea Kansay, amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi, na kwapani boksi la sabuni linalokwaruzwa kwa ndani. Nilikuwa kidato cha kwanza. Sasa niko cha tatu, kwa hiyo wewe unayetaka kufuga simbilisi nina haki ya kukuita mwanangu, hata kama umenizidi kimo na ndevu. Kwenye hesabu bado naburuza mkia. Kwenye simbilisi mimi ni mkongwe.

Kama hujawahi kumwona, simbilisi ni kama sungura aliyesahau masikio na mkia nyumbani. Babu alimpata huyu kwa dereva wa lori, mtu wa Njombe, aliyekuwa akija Mbulumbulu kubeba ngano. Babu wa mtu mwingine angesema tu chukua, mjukuu wangu, cheza naye. Huyu wa kwangu alikaa, akamaliza chai, akaniwekea simbilisi yule kwa taratibu zilezile ambazo wazee wa kwetu huwekeana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja amtunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na akifa ngozi inarudi kwa mwenyewe ili ijulikane hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Babu alieleza yote hayo kwa uso mkavu, kisha akamalizia, "Akifa, uniletee ngozi."

Nikaitazama hiyo ngozi ikitembea sakafuni. Ingetosha soksi ya mtoto, tena ya mguu mmoja. Nikacheka. Babu hakucheka.

Nilimpa jina la Faru. Hapa Karatu magari ya watalii yanapita kila asubuhi kwenda kreta kumtafuta faru, na wengi wanarudi bila kumwona. Mimi nikatangaza darasani kwamba kwetu yupo, na haogopi watu. Wakaja. Mmoja alibeba hadi darubini ya baba yake. Kila mgeni alimnyanyua, kila mgeni alimlisha kitu: andazi, biskuti, chipsi. Mimi nilimwekea pumba za ngano kwenye kifuniko cha ndoo, kama kuku. Majani sikumpa. Si kwamba yalikosekana. Nje ya mlango yalikuwa yananifika magotini. Yalihitaji tu mtu wa kuinama, na mimi nilikuwa na kazi ya kuongoza watalii.

Baridi ilipokolea, Faru akaanza kutembea kama mtu aliyeshinda shambani akivuna. Manyoya yakasimama. Hatua zangu, ambazo zamani alizipokea kwa mluzi, sasa hazikumshtua. Nikajiambia amekua, ameacha utoto. Mwanangu, uvivu wangu ulikuwa na majibu mengi kuliko maswali ya mwalimu wa zamu.

Sasa elewa jambo moja. Aliyeweka mnyama kwako hapigi simu kusema anakuja. Babu alitokea tu Jumamosi moja, mama akamwekea chai, akauliza habari za masomo, kisha akauliza habari za mnyama wake.

"Anakula bata tu, Babu," nikamwambia.

Babu akaweka kikombe chini. "Anakula bata."

"Yaani anaponda raha."

"Najua maana yake. Kaniletee nione mabaki ya huyo bata."

Nilimleta na boksi lake. Babu akampokea kwa mikono miwili, mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, kama anavyopokelewa mtoto mchanga. Akampapasa miguu, na Faru akalia kidogo. Akachungulia ndani ya boksi: pumba, na kipande cha andazi kilichokauka kama kigae. Hapo mwenzio sikufikiria tena kreta wala watalii. Nilijiona nashuka kwenye bodaboda kule Kansay, ngozi imelala kiganjani, wazee wamekaa, na kila mmoja anaelewa bila kuuliza.

"Mzee mwenzangu," Babu akasema, "huyu ni mnyama wa majani. Wewe umemfanya mgeni wa arusi."

Akachukua fimbo, akatoka, akainama, akaanza kung'oa nyasi kwa mkono. Mgongo ule haukuwa tena wa kuinama. Ndiyo maana mifugo yake iko kwa watu. Mama alinitazama kutoka jikoni mpaka masikio yakapata moto. Nikatoka, nikamwomba Babu anipishe, nikakata mwenyewe. Sikutania. Ni moja ya siku chache.

Tulimpeleka Faru mjini, kwenye duka la dawa za mifugo. Mama muuzaji akatueleza kwamba simbilisi, tofauti na mbuzi, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Anaipata kwenye majani mabichi na mboga, na akiikosa viungo vinamuuma. Meno yake nayo hayaachi kukua, nyasi ndizo tupa ya kuyapunguza. Akatupa matone ya kumdondoshea mdomoni, akasema hawezi kutuahidi kitu.

Njiani Babu hakunificha kwamba anataka kumrudisha mnyama wake. Na mnyama akiondolewa kwako kwa kutotunzwa, mwanangu, hakuna mzee atakayekuwekea hata kuku. Nikamwomba aniachie nimuuguze. Akasema atakaa kwetu kwanza, ataamua Faru mwenyewe.

Basi nikauguza. Boksi likahamia karibu na jiko, mbali na upepo wa mlangoni. Kreta nikaifunga kwa wageni wote. Nilimwekea nyasi, matembele, kipande cha pilipili hoho, na matone yake jioni. Mwanzoni alinusa akageuza kichwa. Kisha, Babu akiwa katikati ya kumsimulia mama habari za mahindi, tukasikia kitu kinatafuna. Wote tukageukia boksi. Jani la tembele lilikuwa linaingia mdomoni mwa Faru polepole, kama karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Babu akamaliza chai yake bila haraka, akasema kesho anaondoka, tena peke yake.

Aliporudi safari nyingine alikuwa na boksi la pili, ndani yake jike. Akasema kosa hilo lilikuwa lake: ng'ombe akiwekwa kwa mtu anakuta wenzake zizini, lakini Faru alimwacha mpweke. Sasa wako wangapi? Mwanangu, mifugo ya mtu haihesabiwi mbele ya wageni. Jua tu kwamba boksi halitoshi.

Basi chukua nasaha ya mkongwe. Kabla hujampa jina, mkatie nyasi, na zisikosekane mchana kutwa. Mpe mboga mbichi kila siku na maji safi. Pumba aonje tu. Mtafutie mwenzake, ila uliza kwanza nani dume nani jike, labda uwe na mbao za kutosha kujengea watoto wao mabanda. Mbebe kwa mikono miwili, mwachie kona ya kujificha watu wakizidi. Akigoma kula usimtungie sababu, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Na kila asubuhi mtazame kana kwamba mwenyewe yuko njiani, maana simbilisi hana simu ya kumpigia babu yako.

Mungu akujalie mgongo unaokubali kuinama, majani yasiishe karibu na mlango wako, na kila uliyekabidhiwa anenepe mikononi mwako.