Chumvi ya Chungu, Chumvi ya Nguruwe

Renotte Huchedé alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini, na sijaona mchapakazi wa namna ile akionewa kiasi kile. Mumewe alifia kwenye ujenzi wa barabara ya mfalme, kazi ya shuruti isiyo na ujira, akamwachia watoto watatu.

Ukoo wa kifalme wa Bourbon ulitutawala mpaka jikoni. Kila kaya iliandikiwa chumvi yake ya mwaka, ikainunua ghalani kwa mfalme kwa bei ya kukutoa roho, utake usitake. Ng'ambo ya kijito, kwa Wabretoni, raia wa mfalme huyohuyo, chumvi ilikuwa karibu na bure. Mwanamume akivusha mfuko mmoja, alipelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme mpaka afe.

Mwaka ule Renotte alikuwa na nguruwe mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa chakula chao cha majira yote ya baridi. Alimchinja Desemba, akatugawia majirani soseji za damu kama desturi yetu, nyama iliyobaki akaipanga kwenye pipa kwa chumvi aliyoibana miezi mingi, watoto wakila uji chapwa.

Siku ya tatu wakaja askari wawili wa chumvi. Renotte hakuogopa. Stakabadhi aliileta mwenyewe, na kusoma hajui.

"Tazama, afande. Nimeinunua kwenu, si ya magendo."

"Naiona, mama. Imeandikwa ya chungu na meza. Ya kutilia nguruwe ina stakabadhi yake."

"Chumvi si hiyohiyo?"

"Sheria ndiyo si hiyohiyo."

"Yaani wanangu wakiinyunyizia sahani ni halali, nikiitia kwenye pipa nimeiba? Nimemwibia nani? Mfalme amekosa nini mezani kwake?"

Askari mdogo alicheka. Mkubwa wake akasema, "Punguza mdomo, mama, usije ukaongezewa faini."

"Mdomo ndio mmeusahau kuutoza kodi. Niache niutumie."

Sisi majirani tulisimama mlangoni, soseji zake zimo tumboni mwetu, na hakuna aliyetia neno. Mpaka leo najichukia kwa hilo. Walilipakia pipa zima kwenye mkokoteni wakaondoka nalo.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Uji wa Renotte ulizidi kuwa maji, na mwezi Februari tulimzika Jacquine, binti yake wa miaka kumi.

Machi akaja karani wa ghala la chumvi na daftari lake. Alimuuliza Renotte kwa nini amechukua chumvi kidogo hivyo, pungufu ya ile aliyoandikiwa.

"Watu wanne hawawezi kula kidogo namna hii," akasema. "Lazima unanunua ya magendo."

"Tuko watatu," Renotte akamjibu.

Karani akachovya kalamu, akafuta nne, akaandika tatu. Kisha akampimia chumvi ya watu watatu na kumwamuru aichukue.