Kioo Kilichomeguka Pembe

Nitakueleza jambo hili jinsi lilivyotokea, na usiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Sinywi. Wala usiniulize kama nilikuwa nimesinzia, kwa sababu ilikuwa saa saba na nusu mchana, tena Voi, na joto la Voi saa hiyo halimwachi mtu asinzie.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mtumishi wa maabara katika hospitali moja ya milimani, ambayo sitaitaja. Daktari mmoja wa Nairobi alikuwa anafanya utafiti wa saratani, akatuletea hadubini kubwa ya kuchunguzia seli. Ilikuwa moja tu, kwa hiyo ikawekwa katika chumba kimoja pale Voi, na hospitali za karibu zikawa zinaitumia kwa zamu. Siku yetu ilikuwa Jumatano. Vingine vyote tuliazimana, hata ile kalamu yenye ncha ya almasi ya kuchorea namba kwenye vioo. Wiki ile kalamu ilikuwa imepotea, na kila hospitali ilisema iko kwa wenzao.

Basi siku ya kliniki, Alhamisi, niliandika namba kwa kalamu ya nta. Walikuja wanawake wawili wenye uvimbe wa titi. Wa kwanza alikuwa mama Wakesho wa Werugha, mzee mwenye ng'ombe wawili na maneno mengi. Wa pili alikuwa Mghoi, mwalimu kijana kutoka Mbololo, mwenye mtoto anayenyonya. Nilipokuwa namdunga Mghoi sindano, mama Wakesho ndiye aliyempakata mtoto kwenye benchi. Nilivuta maji kidogo kutoka kwenye uvimbe wa kila mmoja, nikayapaka kwenye kioo chake.

Jumatano iliyofuata nikavitia vioo rangi kule Voi, kisha nikavisuuza kwa spiriti. Aisee, spiriti hufuta nta! Hata mtoto wa shule angejua. Namba zote zikatoka, nikabaki na vioo viwili visivyo na mwenyewe.

Kwenye hadubini, kimoja kilikuwa na seli nzuri, zimekaa kwa utaratibu. Za kingine zilikuwa kubwa kubwa, zimerundikana ovyo. Ungefanya nini? Ungeenda kumwambia mkubwa wako? Mimi niliogopa kufutwa kazi, nikakisia. Nilijiambia kensa ni ya wazee. Kioo kibaya nikakiandika jina la Wakesho, na barua ya Mghoi nikaandika kwamba hana ugonjwa, aendelee na kazi zake. Barua zikawa mezani, zinangoja gari la saa nane.

Nilipoinua kichwa, mama Wakesho alikuwa amesimama kando ya meza. Sweta lake zito lilikuwa limelowa ukungu, maji yanadondoka sakafuni. Nilidhani ameshuka na basi la asubuhi.

“Shikamoo mama. Majibu yangeletwa huko huko, mbona umejisumbua?”

“Marahaba. Kioo changu ni kipi?”

Nikamwonyesha kile kibaya. Hakukitazama hata kidogo.

“Changu ulikiangusha kwenye sinia, kikameguka pembe. Ukaniambia, haidhuru mama. Umesahau?”

Nikavishika vyote viwili mbele ya dirisha. Kilichomeguka pembe kilikuwa kile kizuri.

“Yule mtoto bado ananyonya,” akasema. “Andika vizuri.”

Nilipogeuka kumjibu, hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na nyayo za maji kutoka mlangoni hadi mezani. Za kurudi hazikuwepo. Niamini, nilizitafuta. Askari aliyekuwa mlangoni akitafuna mahindi alisema hajaona mtu akiingia wala akitoka.

Nikazichana barua, nikaandika nyingine. Mghoi nikamwambia aende Nairobi bila kuchelewa. Ijumaa nikapanda Werugha mwenyewe kumpelekea mama Wakesho habari njema. Nilikuta watu wamekaa uani, wanazungumza kwa sauti ya chini. Binti yake akaipokea barua, akaisoma, akanitazama.

“Tulimzika Jumatatu,” akasema. “Jumamosi asubuhi, kukiwa na ukungu, aliteleza kwenye matuta akiwakatia ng'ombe majani. Tangu atoke kwenu alikuwa anamzungumzia yule mtoto wa mwalimu tu.”

Sikumwambia nani alinitembelea Jumatano. Ungemwambia wewe?

Sikumwogopa mama Wakesho. Nilijiogopa mimi mwenyewe, na naogopa mpaka leo. Barua zangu za kwanza zingefika, watu wangesoma kwamba marehemu alikuwa na kensa, wangesema basi, siku zake zilikuwa zimekaribia. Nani angeuliza zaidi? Mghoi angeendelea kufundisha na kunyonyesha huku ugonjwa ukimla, na kosa langu lingelala kaburini Werugha. Mimi huenda ningepandishwa cheo.

Mghoi alikatwa titi, akapona. Yule mtoto sasa ana watoto wake. Kila Krismasi Mghoi huniletea kuku, na huwaambia wajukuu wanisalimie vizuri, kwa kuwa mimi ndiye niliyeona ugonjwa wake mapema. Huwa napokea kuku na kunyamaza.

Basi wewe unayeshika vioo vya watu, alama ikifutika, sema imefutika. Waite warudi, wadungwe upya, wakutukane. Mimi nilishukiwa na mama Wakesho. Wako huenda asishuke.