Baba na Nahodha wa Bahari ya Barafu

Likizo ile nilirudi kwetu Kirushya kutoka Nemba, ninakofundisha, nikamkuta baba amerudishwa nyumbani na hospitali. Miguu ilikuwa imevimba, macho hayaoni. Nilikuwa na riwaya ninayofundishia kidato cha tatu, hadithi ya zamani ya nahodha ambaye meli yake ilinaswa kwenye bahari ya barafu. Nikawa namsomea kila alasiri, mama akichambua maharage pembeni.

Mwanzoni nahodha alimpendeza baba. Alitoa amri na hakuna aliyethubutu kumjibu. Baba naye alituongoza hivyohivyo: nani alime wapi, nani aolewe, nani aache shule, yote aliyaamua peke yake. Kaka yangu mkubwa alipokataa kung'oa kahawa aliyoipanda mwenyewe, alifukuzwa nyumbani. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu Biharamulo, na huko kifusi kikamfukia.

Tulipofika pale nahodha anapomlazimisha baharia mmoja kuvuka barafu nyembamba, na baharia huyo akazama, baba aliinua mkono.

"Ngoja. Walimwambia nahodha kwamba itapasuka?"

"Walimwambia, baba."

"Haya, soma."

Baada ya kifo hicho nahodha alibadilika. Aliketi chini na watu wake, akawauliza njia, akabeba mzigo sawa na wao. Wanafunzi wangu huandika kwenye mitihani kwamba hapo ndipo alipokomaa kiongozi. Baba aliuliza tu, "Na yule aliyezama?"

"Hatajwi tena."

Akageukia ukutani.

Siku chache baadaye alimwita mama, akamwuliza kwa Kihangaza, taratibu, "Shamba la migomba la kule bondeni tumwachie nani? Wewe unaonaje?"

Sikuwahi kumsikia akimwuliza mama hivyo. Mama aliushusha ungo mapajani.

"Ungeniuliza siku ile unamfukuza mwanangu," alisema. "Sasa sina la kusema."

Nilisubiri baba afoke. Hakufoka. Aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona. Mama aliyatazama, kisha akainuka kwenda kuinjika maharage.

Baba alifariki kabla likizo haijaisha, na kitabu hatukukimaliza. Hakumtaja wa kuachiwa shamba. Wadogo zangu wamefikishana kwenye baraza la kata kwa sababu ya shamba hilo. Mama huitwa kutoa ushahidi. Haendi.