Kambini au Msituni

Kila mtu wa Isiolo wa rika langu ameulizwa swali hili, na chifu au polisi au mama mkwe: ulikuwa wapi wakati wa Daba? Daba ni neno letu la Kiborana, maana yake ni kusimamishwa. Ndivyo tunavyoiita ile miaka ya vita vya shifta, wale wa msituni waliopigana ili tujiunge na Somalia, serikali ilipotukusanya Garbatulla na mifugo yetu, ikatuzungushia seng'enge. Mimi nilikuwa msichana wa kuchunga ndama. Ng'ombe wa baba walipigwa risasi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, halafu tukaitwa twende tupange mstari wa posho. Juu ya siku ile sitaandika zaidi. Kuna watu wameiandika kwa Kizungu, na mimi Kizungu sijui. Hata haya maandishi nilijifunza kwa darasa la gumbaru, nikiwa tayari mama wa watoto wanne.

Ninachotaka kuandika ni mwaka wa mlolongo, miaka kama ishirini baada ya Daba, tulipopiga kura kwa kusimama mstari nyuma ya picha. Mwaka huo mji wetu uligeuka mara mbili kwa muda wa mwezi mmoja, na ndugu yangu akabaki pale katikati.

Ndugu yangu mkubwa hakuingia kambini. Siku askari walipokuja alikuwa malishoni na ngamia, akaenda na wale wa msituni. Alibeba bunduki, sitamficha. Vita vilipoisha akavuka mpaka, akakaa Somalia miaka mingi, akarudi kichwa kina mvi, na mke, na binti mdogo. Hao aliwaacha Merti kwa shemeji, yeye akashuka mjini kutafuta kipande, kile kitambulisho cha Kenya. Alikuja juu ya lori la mbuzi, amejilaza katikati ya mbuzi, na polisi wa kizuizini wakampitisha kama mbuzi. Kurudi ilikuwa maneno mengine. Lori linaloondoka mjini lilikuwa linapekuliwa mtu mmoja mmoja, na asiye na kipande alipelekwa mpakani akaambiwa, nenda kwenu. Kwa hivyo alikaa kwangu, ndani ya boma langu, akinisaidia kufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi, kazi ya wanawake, na mke wake yuko safari ya siku mbili tu.

Kipande kilikuwa kinaanza na barua ya chifu kwamba huyu ni mtu wa hapa. Na chifu kabla hajaandika alikuwa anauliza lile swali. Msamaha ulikuwa umetangazwa zamani, kila mtu wa msituni alisamehewa, lakini msamaha wa redio ni kitu kimoja na kalamu ya chifu ni kitu kingine. Tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba tutasema alikuwa kambini na sisi. Mimi ndiye niliyesema. Nilisimama mbele ya meza ya chifu, mkono kifuani, nikasema, "Wallahi, chifu, alikuwa Garbatulla. Tulikula posho pamoja." Chifu akaandika kwa fomu: Kambini. Akaiweka kwa droo.

"Haraka ya nini, mama? Uchaguzi uko karibu. Wacha tuone watu wanasimama wapi."

Wakati huo shifta lilikuwa tusi. Kwa hoteli ya chai karibu na soko, yule mtumishi wa meza alikuwa anamwambia ndugu yangu, "Wewe shifta, toa mguu kwa njia," na watu wanacheka, na yeye anacheka kidogo na anatoa mguu.

Halafu akatokea mwenye malori. Huyu nitamtaja kwa malori yake, kwa maana yeye mwenyewe hakuwa na kitu kingine. Babu yake aliletwa hapa na jeshi la mzungu, wakabaki, wakafanya biashara. Malori ya baba yake ndiyo yaliyoleta posho kambini Garbatulla, na yakirudi mjini yalikuwa yamejaa ngozi za ng'ombe wetu. Hiyo niliona kwa macho yangu. Sasa mtoto alitaka kiti cha bunge, amtoe mheshimiwa aliyekuwepo, na akatafuta neno ambalo mheshimiwa hawezi kulisema. Akalipata. Alisimama uwanjani na kipaza sauti, akasema, "Wale vijana hawakuwa majambazi. Walikuwa watoto wa mama zetu."

Miaka ishirini hakuna mtu aliyesema hivyo mchana. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, wakafuata wote, na mimi nilikuwa kati yao. Nililia.

Kwa wiki moja mji ukawa mwingine. Wanaume walioniambia mimi mwenyewe jinsi walivyobeba maji ya askari, sasa walikuwa wanahadithia jinsi walivyolala msituni. Mtumishi wa hoteli akamletea ndugu yangu chai kabla hajaitisha. "Kunywa, mzee wa msitu. Hii imelipwa na yule pale, na ile ingine na yule."

Jirani yangu sokoni, nilikokuwa nauza maziwa, alikuwa mama wa duka, Mkristo kutoka Meru. Mume wake alikuwa akipakia mizigo kwa lori, akapigwa risasi na shifta kwa barabara ya Garbatulla, mwaka wa pili wa vita. Tulikuwa tunapeana chumvi na moto. Alisikiliza ile habari yote ya msitu akasema, "Mama maziwa, niambie. Kama hao wote walikuwa msituni, kambini alilala nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nitakwambia ukweli. Hao wanabadilika kama upepo, leo shifta, kesho shujaa. Mimi sina pa kubadilikia. Mume wangu alikufa wakati ule na kesho bado atakuwa amekufa."

Nilimpimia maziwa yake nikaenda.

Jumamosi iliyofuata mwenye malori alifanya mkutano mkubwa. Wazee wa Kiborana waliketi mbele kwa mikeka, chifu aliketi jukwaani kwa kiti, kama serikali. Dua zikasomwa. Mzee anaomba mvua, watu wanaitikia nagaya, yaani iwe amani, anaomba maziwa, nagaya, anaomba amani, nagaya. Kisha mwenye malori akachukua kipaza sauti akasema wazee wanataka kuwabariki wale waliokuwa msituni, wajitokeze mbele.

Kwetu mzee akikuita kwa baraka mbele ya watu, huwezi kukaa. Ni laana. Lakini hakuna aliyeitwa kwa jina, mtu angeweza kujificha nyuma ya mwingine. Wale wote wa hoteli walikuwa wanaangalia viatu vyao. Ndugu yangu alikuwa ameketi karibu nami, na yeye pia alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikamsukuma. Nitaandika hivyo hivyo, nilimsukuma kwa mkono kwa bega. Nilimwambia, "Nenda. Chifu anaona. Leo unaheshimiwa, Jumatatu atasaini."

"Na ile fomu?" akaniuliza.

"Fomu gani sasa? Si unaona watu?"

Akaenda. Walitoka watatu tu katika uwanja ule wote, wengine wawili ni vikongwe. Akapiga magoti, wazee wakamtemea mate ya baraka kwa kichwa, na watu wakaitikia nagaya kwa sauti ambayo mpaka sasa nikiamka asubuhi naisikia. Nikamtazama chifu. Alikuwa anatabasamu, na anaandika kitu kwa kijitabu kidogo.

Mimi niliona ni kitu kizuri, kwamba anaandika.

Jumatatu chifu alikuwa na kazi, akasema nirudi wiki ile nyingine. Alhamisi akaja mkubwa kutoka Nairobi. Hakukaa hata saa nzima. Alisema serikali imesikia kuna watu Isiolo wanasifu shifta, na serikali ina masikio marefu na mikono mirefu zaidi, na kama kuna mtu amechoka na Kenya mpaka uko wazi. Akaingia kwa gari, vumbi likabaki.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, mwenye malori alisimama mahali pale pale, na kipaza sauti kile kile. Akasema shifta waliharibu nyumba zetu. Shifta walituletea Daba. Shifta ndio sababu hatuna barabara. Akasema anawajua, na bado wako kati yetu, na wanataka vipande. Na watu wakapiga makofi. Nataka ieleweke, walikuwa watu wale wale, mikono ile ile. Sikuona askari hata mmoja akimlazimisha mtu kupiga makofi.

Ndugu yangu alienda hotelini jioni hiyo kama kawaida. Mtumishi akamwambia, "Shifta, toa mguu."

Jumatatu chifu aliitoa fomu kwa droo, akakitoa na kile kijitabu, akaviweka pamoja mbele yangu.

"Mama, nisaidie. Hapa uliapa alikuwa kambini. Hapa yeye mwenyewe alisimama mbele ya watu wote kwamba alikuwa msituni. Mtu ni mmoja. Alikuwa wapi?"

"Chifu, wewe ulikuwepo. Ulikuwa unatabasamu."

"Kutabasamu si kusaini."

Nikamwambia juu ya mke wake Merti, juu ya binti. Alinisikiliza vizuri kabisa. Halafu akasema, pole pole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, kwamba siku ya mlolongo atakuwa amesimama karibu na mstari wa mheshimiwa, na ataona ni nani amesimama wapi.

Nikaenda nyumbani na sikumwambia ndugu yangu.

Siku ya mlolongo tulikuwa kiwanja cha shule. Asubuhi mstari wa mwenye malori ulikuwa mrefu, kwa sababu watu wengine walikuwa hawajui bado ni neno gani la leo. Kisha chifu akapita akiangalia nyuso. Mmoja akatoka, akavuka. Wengine wawili wakavuka. Baadaye wakawa wanavuka kama mbuzi kwa mto, kila mmoja anaangalia mkia wa mwenzake. Mimi nilikuwa nimevuka zamani. Nilikuwa nimefika hapo alfajiri na kadi yangu ya chama mkononi, nikasimama nyuma ya picha ya mheshimiwa, na mbele yangu alikuwa mama wa duka.

Akageuka. "Leo tumesimama pamoja, mama maziwa. Mimi nimesimama kwa ajili ya mume. Wewe kwa ajili ya nani?"

"Nyamaza tu, mama," nikamwambia.

Ndugu yangu hakuwa na kadi, hakuwa na kipande, kwa hivyo alikuwa nje ya ua na wale wasio na kitu, ameshika seng'enge kwa vidole. Sikujua kwamba atakuja. Mtu wa mheshimiwa akaanza kuita, "Shifta arudi wapi?" na mstari ukajibu, "Kwao!" Akaita, "Anayekubali, mkono juu!" Mikono ikapanda mbele yangu na nyuma yangu. Mama wa duka hakuinua. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Chifu alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, ananiangalia mimi.

Nikainua.

Niliporudi nyumbani alikuwa ameshaondoka. Alichukua mtungi mdogo wa maji na koti la marehemu mume wangu, akazunguka kizuizi kwa miguu kupitia kwenye mawe. Chifu alinirudishia fomu wiki ile. Neno Kambini lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake ameandika Msituni, na pale pa kusaini ni peupe. Alisema hawezi kutia sahihi kwa uongo. Bado ninayo ndani ya sanduku.

Mwenye malori alishindwa, lakini malori bado yanaenda. Mheshimiwa alishinda. Chifu alistaafu na mifugo mingi. Mtumishi wa hoteli sasa ana hoteli yake. Nimewataja wote, na mimi nimejitaja.

Ndugu yangu alihama Merti na familia, akaenda mbali zaidi, Biliqo, ambako hakuna mtu wa kumwuliza kitu. Hajashuka mjini tena. Binti yake amefika umri wa kipande, na ofisini wanataka kipande cha baba. Mimi ndiye ninayepanda kwao kwa lori, kila mwaka mara moja, na sukari na majani ya chai. Tunasalimiana, tunaulizana mvua na ngamia. Halafu akinimiminia chai ananiuliza, akicheka, "Na wewe, ulikuwa wapi wakati wa mlolongo?"

"Nilikuwa nakutafutia kipande."

"Nilikuona," anasema, na ananipa kikombe.