Niliwatoa kondoo zamu, dada yangu akapoteza macho

Nimekosa. Nianze hapo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana. Jina langu sitalisema. Wewe unayesoma hunijui nami sikujui, na ndiyo sababu nakuambia wewe. Walio karibu nami nimeshindwa kuwaambia.

Mimi ni mfugaji wa upande wa Balambala, si mbali na Mto Tana. Kiswahili nimekiokota shuleni na kwenye soko la mifugo Garissa, kwa hiyo nisamehe nikiteleza. Lakini kondoo nawajua, na hapo sitajifanya mnyenyekevu. Nilirithi kondoo kwa marehemu mama yangu, wale weupe wenye vichwa vyeusi, nikawatunza hadi watu wakawa wanasema kondoo wangu hawajui mbu. Mvua ikinyesha tu, mimi ndiye wa kwanza kuwapandisha juu penye mawe na upepo. Wengine huamka na kukuta mifugo imejaa uvimbe, mimi nakunywa chai.

Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwaka huo alikuja daktari wa mifugo, mwanamke, si mtu wa huku. Alikunywa chai ya maziwa ya ngamia bila kukunja uso, tukampenda hapo hapo. Wazee wakakaa naye, akaeleza shida yake. Alisema homa ya Bonde la Ufa, ile sisi tunayoiita sandik kwa sababu ya damu ya puani, huletwa na mbu baada ya mvua kubwa. Mbu huanza na mifugo. Mtu anaipata baadaye, akishika damu ya mnyama mgonjwa, au mtoto wa mbuzi aliyetoka mfu, au akinywa maziwa mabichi.

Kwa hiyo alitaka kondoo wachache wa kulinda. Wakae bwawani, pale mbu walipo wengi. Wasichanjwe. Wasihamishwe. Yeye atakuwa akija kuwatoa damu, damu ipelekwe Nairobi, na virusi vikionekana ndani yake tu, tangazo litoke misikitini, sokoni na redioni kabla mtu yeyote hajaugua: msishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, msichinje mnyama mgonjwa, chemsheni maziwa.

Wazee wakanielekezea kidole mimi. Nani mwingine? Daktari akawatia kondoo wa mama yangu hereni za plastiki za njano masikioni. Akanipiga bega akasema, "Hawa ni askari wako sasa. Askari hatoki zamu, umenielewa?"

Nilimwambia nimeelewa. Na nilielewa, ndiyo ubaya wenyewe. Sikukosa kwa ujinga.

Msimu wa kwanza ulipita vizuri, mvua ilikuwa ya kuonja tu. Msimu uliofuata mbingu zilifunguka. Bwawa lilijaa likafika kwenye migunga, barabara ya Garissa ikakatika, na mbu walitoka kama vumbi. Kila mfugaji alipanda juu. Nilibaki mimi peke yangu chini, na askari wangu.

Hujawahi kuwaona kondoo wakiliwa na mbu, na sikuombei. Wanatikisa vichwa usiku kucha. Wanaingizana vichwa chini ya matumbo ya wenzao. Asubuhi wananitazama. Mimi nimezaliwa kati ya kondoo, mama yangu aliwaita kwa majina, na sasa nimekaa kama mtu aliyefunga wanawe mlangoni kwa fisi.

Halafu watu wakaanza. Jirani yangu mmoja alipita na ngamia wake akielekea mawe ya juu, akasimama makusudi.

"Walaal, ndugu yangu, mama yako alikuachia kondoo au aliwaachia mbu?"

Wenzake wakacheka. Nikacheka nami, lakini ilinichoma. Jioni ile ile, kabla ya swala ya magharibi, niliwapandisha kondoo juu. Nilijiambia ni mara moja tu, wapumue. Nikawawashia moshi wa kinyesi kikavu, wakalala kama watoto. Asubuhi jua lilipokolea, mbu wakishajificha, nikawarudisha bwawani.

Kesho yake hivyo hivyo. Mwishowe ikawa ndiyo desturi. Mchana askari yuko zamu, jioni askari anakwenda kulala kwa mama. Na mbu wa ugonjwa ule, daktari alikuwa ameniambia kwa kinywa chake, wanauma jua likizama.

Daktari alikuja barabara ilipopitika. Alitukuta bwawani mchana, kondoo wananyonyesha, wanang'aa. Alifurahi. Alivaa mipira yake mikononi, akatoa damu, na huku anafunga vichupa vyake akaniuliza swali moja, bila hata kuinua macho.

"Walikuwa wanalala pale pale bwawani, siyo?"

"Pale pale, daktari."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Nililitaja jina la Mungu juu ya uongo kwa sababu ya aibu. Sikulipwa na mtu, wala hakuna aliyenitisha. Niliona haya tu kumwambia mwanamke aliyeniamini kwamba mimi, mfugaji mkubwa, nimeshindwa kuvumilia kondoo kuumwa na mbu. Na haya nyingine ilikuwa ya upande wa pili: sikutaka jirani zangu wajue kwamba nilikubali mifugo ya mama iwe chambo. Nikawa nimekaa katikati ya aibu mbili, nikazificha zote kwa neno moja.

Damu ilirudi safi. Alinipigia simu mwenyewe. "Askari wako hawajaona adui. Asante sana, ndugu yangu." Nilijibu alhamdulillah, na nakuapia, nusu yangu iliamini. Damu ni damu, nikajiambia. Ingekuwa wana kitu, ingeonekana.

Sasa nikuambie kuhusu dada yangu.

Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Nitamwita Halima, si jina lake. Ameolewa kwenye familia iliyo chini zaidi mtoni, wana mbuzi. Alikuwa na binti mmoja ambaye ndiyo kwanza anashika mguu wa mama yake asimame. Halima ni mcheshi, ana jicho la kuona kila kitu. Ungepita na kitambaa kipya angekuambia umekinunua duka gani Garissa.

Alinipigia simu, sauti haina mzaha.

"Walaal, mbuzi wanatoa mimba. Leo tena. Baba mkwe anasema ni sandik, anataka tusiwaguse. Daktari wako amesema nini?"

Nilikuwa nimesimama juu ya mawe, kondoo wangu wako nyuma yangu kwenye moshi. Bwawa nalitazama kwa chini. Nilikuwa na muda wote wa kusema. Ningesema, dada, damu ile haina maana, kondoo hawakulala bwawani, msikilize mzee. Maneno mafupi tu.

Nikasema, "Damu ni safi. Si sandik. Ni baridi ya mvua tu hiyo."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Basi nimwambie mzee atulie," akasema, na nikasikia anacheka kidogo, amepata nafuu. "Ndugu yangu ndiye anayekaa na serikali."

Mbuzi mmoja alikuwa amekwama, kitoto kimefia ndani. Halima aliingiza mkono akakivuta, kama alivyofanya tangu akiwa msichana, kwa mikono mitupu, jinsi mama alivyomfundisha. Mama mbuzi akawa anakata roho. Baba mkwe hakutaka afe bila kisu awe haramu, na alikuwa amekwisha kuambiwa hakuna sandik. Akamchinja. Damu ikamwagika juu ya wote wawili.

Homa iliwashika karibu pamoja. Mzee alianza kutokwa damu puani, kisha kwenye fizi. Gari la kumpeleka Garissa lilikwama matopeni, akarudi kwa Mola wake hapo hapo njiani. Ndipo mji mzima ulipojua, na ndipo ofisi ya mifugo ilipokuja na magari, soko likafungwa, tangazo likatoka misikitini. Tangazo lile lile. Lilitoka likamkuta mzee yuko kaburini.

Halima alipona homa. Tulichinja, tukasoma dua, tukashukuru. Halafu akaanza kulalamika kwamba katikati ya kila kitu kuna doa. Akimtazama binti yake anaona mikono na miguu, uso hauoni. Doa likakua. Pale hospitali daktari wa macho alimmulika, kisha akaniita mimi pembeni. Alisema virusi vimeunguza sehemu ya nyuma ya jicho. Nikamuuliza dawa gani, Nairobi, ng'ambo, tutauza tulicho nacho. Akasema, "Kaka, hakuna. Mzoeze nyumba."

Mzoeze nyumba! Mtu aliyekuwa akitambua duka kwa kitambaa.

Daktari wa mifugo alikuja kuniaga baadaye. Alikuwa amekonda. Nadhani huko ofisini walimsema. Alikaa kwenye jerikeni mbele ya zizi langu, akawatazama kondoo muda mrefu.

"Sielewi," akasema. "Virusi vilikuwa hapa. Mbu walikuwa hapa. Askari wetu hawakuona kitu. Labda njia yenyewe haifai huku."

Alisubiri. Nafikiri alinipa nafasi, au labda ni mimi nataka kuamini hivyo. Nikamwongezea chai. Ulinzi wa bwawa letu ukafutwa. Hakuna anayekuja kutoa damu tena, na mvua kubwa zitakuja, mbu watakuja, na hakuna kondoo wala mtu atakayetuambia mapema. Hilo nalo ni langu.

Halima sasa anakaa kwangu na binti yake. Mume wake yuko Galbet, pale Garissa, anahangaika na biashara ya kuni na mkaa, anakuja akiweza. Mwanzoni mimi ndiye nilikuwa macho yake. Asubuhi aliniuliza, "Walaal, mawingu yako upande gani?" Aliniuliza meno ya binti yake yametokaje, nikamwambia yana mwanya kama wako. Alicheka. Alikuwa akiniombea dua mbele ya watu, ndugu yangu hivi, ndugu yangu vile. Mimi nilikuwa nikiinuka kwenda kwa kondoo kabla ya amina.

Siku moja alikuwa amekaa zizini, anapenda harufu yake. Kondoo mmoja mzee, kipenzi cha mama, akaja akamwekea kichwa mapajani. Halima akampapasa shingo, mgongo, mkia ule mnono. Mkono ukapanda sikioni, ukaikuta hereni.

"Huyu ni askari," akasema.

"Ndiye."

"Amenona, mashallah." Vidole vyake vikawa vinaizungusha ile plastiki. "Hakutoa mimba hata mmoja wenu, siyo? Bwawa lote lile, mbu wote wale."

Nikainama kurudisha mwiba kwenye ua wa zizi.

"Walaal, hawa walikuwa wanalala wapi?"

Nikasema, "Bwawani."

Aliuondoa mkono wake polepole kwenye sikio, akajifuta kwenye shuka, akamwita mke wangu amletee maji ya kutawadha. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na birika liko miguuni pangu.

Tangu siku hiyo haniulizi tena mawingu. Humuuliza mke wangu. Nikimsogelea kumshika mkono avuke mlango anasema "naweza," anapapasa ukuta mwenyewe. Hajanilaumu hata kwa neno. Laiti angenilaumu.

Nimewahi kudhamiria kumwambia. Naingia, naketi, nasafisha koo. Yeye anageuza uso upande wa sauti yangu na kungoja, na uso ule hauoni kitu, nami nauogopa kuliko macho yoyote yaliyowahi kunitazama. Nauliza kama amekula, natoka.

Sitafuti pole yako, na usinipe. Nimeandika kwa ajili ya mtu mmoja tu, huenda yuko Lafey kule mpakani, huenda yuko mtoni huku huku, ambaye mifugo yake imetiwa hereni na ameambiwa ailinde nchi. Ndugu yangu, kama ukiwaonea huruma, wahamishe. Mungu hatakuuliza kwa nini uliwahurumia. Mimi ningemwambia daktari kweli, angecheka, angenisema kidogo, kisha angekwenda kutoa damu kwa mbuzi wa mtoni, wa akina Halima wenyewe. Tangazo lingetoka. Mzee angekufa kwa uzee wake. Dada yangu angejua sura ya binti yake anapokua.

Mtu akikuuliza wanyama wako wamelala wapi, mwambie walipolala. Ni hivyo tu.

Mimi mpaka leo, nikiulizwa, walilala bwawani.