Mwaka Bweni Letu Lilipofungwa kwa Homa

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo na binti yangu kutafuta mapazia. Duka tuliloelekezwa lilikuwa ndani ya ghorofa refu, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nilisimama mlangoni, nikatazama njia panda, nikamwambia, "Hapa ndipo nilipolala bweni." Alicheka, akadhani jua limenichoma. Basi ngoja nikuhadithie wewe, maana yeye alikuwa na haraka na mapazia yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Shule yetu ya wasichana ilikuwa na jengo refu la bati, uwanja wa mchanga na ua wa makuti. Alfajiri tuliamshwa na mikokoteni ikielekea sokoni. Wazazi wangu walikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Morogoro, kwa hiyo mjini nilikuwa na bibi yangu tu. Alikaa Magomeni, akiuza mchicha sokoni, na kila Jumamosi akishamaliza biashara alinipitia na vitumbua alivyovifunga kwenye jani la mgomba.

Mwaka huo ikaingia homa kubwa ya mafua. Watu walisema imeshuka na meli bandarini. Siku msichana wa kwanza alipoanguka mstarini, mwalimu mkuu, mama mrefu asiyependa kupandisha sauti, alitukusanya uwanjani akatuambia geti linafungwa. Hatoki mtu, haingii mtu.

Tukaanza maisha mengine. Nafasi haikutosha kutenganisha vitanda, basi tulilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, madirisha wazi, mbu wakitula watakavyo. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha bati chenye uzi wa rangi kwenye kishikio, na mpishi alivichemsha vyote kwenye sufuria la ugali. Mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa jirani yetu alituletea mabaki ya kitambaa cha marekani, akayarusha juu ya ua, tukayashona leso za kuzibia kikohozi. Darasa la ushonaji likawa chumba cha wagonjwa. Na kila asubuhi matroni wa bweni alipita kitanda kwa kitanda, akitugusa paji la uso kwa mgongo wa mkono wake ulionuka sabuni ya kufulia.

Sheria zote nilizishika, isipokuwa moja. Jumamosi ya kwanza nilimsikia bibi akimbembeleza mlinzi getini, kisha sauti yake ikaanza kwenda mbali. Nikakimbilia nyuma ya jiko, palipokuwa na tundu kwenye makuti, nikamwita. Alipitisha mkono. Niliushika nikauweka shavuni, nikakaa hivyo muda mrefu. Vitumbua nilivila palepale, nimechuchumaa. Kesho yake asubuhi mkono wa matroni haukuondoka upesi kwenye paji langu.

Mwili uliniuma mpaka kwenye mizizi ya nywele. Walininywesha uji wa mchele na maji ya ndimu yenye tangawizi, na siku ya nne homa ikashuka. Kilichobaki kikinisumbua ni ule mkono wa bibi. Mafunzo ya mwalimu mkuu siku ile uwanjani niliyasikia vizuri: mtu huambukiza kabla hajajua kwamba anaumwa. Jumamosi ya pili ikafika, nikatuma mtu amuulize mlinzi. Bibi hakuja.

Chakula kilinishinda. Matroni alipoleta bakuli Jumapili asubuhi nilimweleza yote.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa viboko, Matroni."

Aliondoka, akarudi na mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni na leso puani.

"Tundu liko wapi?"

"Nyuma ya jiko, Mwalimu."

"Wanalitumia wangapi?"

Msichana wa kitanda cha pili, sauti imemkauka, akanijibia. "Wengi, Mwalimu."

"Sheria isiyo na mlango," mwalimu mkuu alisema, "watu wataitoboa tu." Nilikuwa nimeshakaza mgongo kungoja fimbo. Yeye alimwita mpishi, akamwambia achukue baiskeli aende Magomeni.

Mpishi alirudi jioni, suruali imeloa hadi mapajani.

"Bibi yako mzima," alisema kutoka dirishani. "Maji yalijaa bondeni Jangwani, tangu Ijumaa hawavuki. Nimemkuta anatwanga. Anasema utulie, ushike adabu."

Nililia mpaka matroni akaniuliza kama nimesikia vibaya.

Tundu lilizibwa. Lakini Jumamosi iliyofuata geti lilikuwa wazi, na chini kumechorwa mistari miwili ya chokaa, mmoja upande wetu, mmoja upande wa wageni, hatua kumi katikati. Wazazi na mabibi walijipanga upande wao, sisi wetu, na kila mtu akapaza sauti. Bibi aliniuliza kama tumbo langu linakwenda vizuri, na mtaa mzima ukangojea jibu.

Homa ilipita. Wengi tuliugua, hakuna tuliyemzika. Leo shule haipo, wala makuti, wala duka la yule mzee. Mwalimu mkuu na matroni wametangulia, na wenzangu wa bweni niliobaki nao twahesabika kwa vidole. Bibi aliishi miaka mingi baadaye, akafa kwa uzee, kitandani kwake.

Asubuhi ya kufunguliwa tuliivuka mistari ile kwa kukimbia, chokaa ikatifuka. Bibi alinishika mabega, akanigeuza mbele na nyuma kama anayechagua kuku sokoni. "Umekonda," akasema. "Lakini upo."