Ukurasa Niliousoma Mbele ya Mama Mkwe

Afadhali niwaeleze mimi mwenyewe, maana kule Newala kisa hiki kimeshatiwa chumvi mpaka wengine wanadai nilizimia, na sikuzimia, ingawa siku ile ningejaliwa kuzimia ningeshukuru. Ni aibu, na bado naibeba.

Mnanijua, nimekuwa utingo wa malori ya korosho tangu nilipomaliza kidato cha nne, leo Masasi, kesho Mtwara, baadaye Mbeya huko, na nikiwa mbali nalilia nyumbani, nikifika nyumbani miguu inaniwasha (ugonjwa huo sijaupatia dawa). Binti yangu Zuhura amelelewa na bibi yake, mama mkwe wangu, hapo Makote, Newala. Kwa hiyo mwaka alioingia kidato cha tatu, aliponiomba niende mimi kwenye kikao cha wazazi, nilijiona baba kamili.

Kikao kilihusu riwaya. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba riwaya wanayosomeshwa watoto ina mambo ya unyago, wakataka iondolewe shuleni. Aliyeitetea ni mwalimu wa Kiswahili tu, dada mdogo aliyeanza kazi majuzi. Asubuhi ile Zuhura alinipa nakala yake akaniambia, "Baba, wewe sema tu umeisoma, haina neno, halafu ukae. Wakisikia mwanamume anaitetea watanyamaza."

Nikaenda. Bwaloni wanaume tulikaa upande wa madirisha, wanawake upande wa pili, na mama mkwe mbele kabisa, kwa sababu yeye ndiye anayewafunda mabinti wa kijiji na akiwepo hakuna anayekohoa ovyo. Nilipopewa nafasi nilisema maneno mawili matatu mazuri, watu wakatikisa vichwa kukubali, mwalimu akaanza kutabasamu, na kama ningekaa hapo mambo yangekwisha salama. Lakini nikaona nikiwasomea kidogo watasikia wenyewe kwamba hakuna ubaya, nikafungua katikati (nilikuwa nimesoma kurasa za mwanzo tu, tena nikinywa chai).

Jamani. Nikaangukia ndani ya nyumba ya wali, mle wasichana wanamofundwa! Sentensi ya kwanza ilipita, ya pili nikaona wanawake wanainamisha vichwa, ya tatu nikaisikia sauti yangu ikitaja jambo ambalo kwetu mwanamume hata kama analijua halijui, na badala ya kunyamaza nikaongeza mwendo, nikidhani aya inayofuata itaniokoa, kumbe ndiyo iliyobeba wimbo wenyewe wa unyago. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Shusha, utingo, shusha mzigo wote!" Wanaume wakaangua kicheko. Mama mkwe akajifunika kanga usoni, akainuka, akatoka, na wanawake wakamfuata mmoja mmoja bila neno. Mwalimu alibaki akitazama sakafu.

Mwenyekiti wa bodi akaninyooshea mkono, nikampa kitabu.

"Ndugu zangu," akasema, "mtu mzima na ndevu zake ameshindwa kukisoma mbele ya mkwewe bila aibu. Sisi tuwape watoto?"

Nakala zote zikakusanywa siku ileile, zikafungiwa stoo.

Jioni nikaenda kwa mama mkwe na jogoo wa kuombea radhi. Nikakaa chini uani, yeye ndani nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba Zuhura, mjukuu wangu huwa ananisomea kile kitabu jikoni. Hakina ubaya. Tukifika mahali kama pale anasoma moyoni, mimi naendelea kumenya mihogo yangu. Wewe umekwenda kukipigia honi."

"Nisamehe, mama. Lakini ukienda kumwambia mwenyekiti maneno hayo, wewe watakusikiliza."

"Nikasimame mbele ya wanaume niseme nini? Kwamba yaliyoandikwa mle ni ya kweli?"

Mtu pekee ambaye angeweza kukirudisha kitabu kile alikuwa amefungwa mdomo na heshima ileile niliyoivunja mimi.

Zuhura hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Siku moja tunaokota korosho akaniuliza bila kuinua macho, "Baba, yule msichana wa kitabuni mwishowe walimwachisha shule?"

"Sijui, mwanangu. Sikufika huko."

"Na sisi na bibi tulikuwa hatujafika," akasema, akasogea mkorosho wa pili.

Tangu hapo kila mji lori linaposimama nawauliza wauza vitabu, na sijakipata. Nikikipata nitampelekea kimefungwa hivyohivyo, nimkabidhi mkononi, niondoke zangu nje waachwe na bibi yake wamalize. Na kikao chochote cha shule nitakachoitwa, nitakwenda, nitasema nilichotumwa, nitakaa.